Sifa Njema za Mgongano

Katika yote yanayolaaniwa usiku na vijana wa programu, kuanzia Sayansi Kijitonyama mpaka Mbagala, hakuna kinachoonewa kama mgongano wa Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Watu wawili wamegusa mstari uleule. Wa pili akitaka kuunganisha kazi yake na ya mwenzake, programu inagoma. Inachora mishale saba, inaweka ya kwako juu, alama saba za sawasawa katikati, ya mwenzako chini, kisha inanyamaza kama mjumbe wa nyumba kumi aliyeletewa watu wawili wenye karatasi za kiwanja kimoja. Haijui nani ana haki, wala haijifanyi kujua. Ofisi ngapi mjini hapa zina unyenyekevu huo?

Tazama mifumo iliyoitangulia Git. RCS ya Walter Tichy, ya mwaka 1982, ilifunga faili kwa kufuli: mmoja anarekebisha, wengine wanasubiri, na mwenye kufuli akienda likizo, likizo ni ya ofisi nzima. Linus Torvalds alipoandika Git mwezi Aprili 2005, baada ya wenzake wa Linux kunyimwa BitKeeper ya bure, mfumo wa aina hiyohiyo, alimpa kila mtu nakala kamili ya historia. Ukishagawa daftari kwa wote, ugomvi lazima utokee. Heri utokee hadharani. Kwenye steshenari za Temeke, ambako mkataba huitwa “mwisho”, kisha “mwisho kabisa”, kisha “mwisho mpya 2”, migongano haipo. Ni amani tupu, na inayochapwa ni bei ya zamani.

Watasema mgongano unazuka hata kwa upuuzi, kwa nafasi tu iliyoongezwa mwishoni mwa mstari. Kweli, lakini waliokataa kukubaliana mtindo ni nani? Mwingine hulalamika kwamba alishakomiti, kumbe kukomiti hubaki kwenye kompyuta yake mpaka asukume. Kaikalia kazi wiki nzima, leo anashangaa wenzake hawakulala. Pingamizi zito ni jingine: mmoja akibadili jina la kipande kinachokokotoa VAT, na mwenzake, kwenye faili jingine, akakiita kwa jina la zamani, Git inaunganisha bila kelele na programu inaanguka mbele ya mteja. Sikatai. Ila hapo kilichotuponza ni mgongano kutotokea, na hilo ni sifa nyingine kwake. Asiyeweza kuuvumilia anayo amri ya kusukuma kwa nguvu, --force: kazi ya mwenzake itaondoka kwenye seva, na mgongano utahamia kwenye grupu la WhatsApp, kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne.