Mwongozo wa Kupitwa na Gunia la Mkaa

Umesikia Shinyanga ni tambarare, ukadhani baiskeli huku ni mchezo. Njoo. Lete kaptula ya kubana na ile baiskeli nyepesi unayoinua kwa kidole. Utapitwa na Phoenix ya chuma yenye gunia la mkaa kwenye keria, na mwenyewe amevaa kandambili.

Anza kwa kupanda daladala. Shinyanga mjini, daladala ni baiskeli ya abiria. Keti, tulia, usiyumbe, utazame mgongo wa kijana anayekubeba: shati limelowa, na bado anaitikia kila salamu ya njiani. Nawe jifunze. Asubuhi "mwangaluka", mchana "mwadila". Kupita watu kimya huku ni utovu wa adabu, hata kama pumzi imekuishia.

Toka kabla jua halijapanda. Uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ila kitakachokumaliza ni upepo. Uwandani hakuna pa kujificha. Mvua ikinyesha, usiikanyage mbuga: udongo mweusi utajaa kwenye magurudumu mpaka baiskeli ikupande wewe begani. Mfukoni weka michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Ukichoka, tafuta kivuli cha ngitili, malisho yanayofungwa ili majani na miti vipumzike. Usikichukulie kivuli hicho hivi hivi. Nchi hii ilikuwa imekatwa miti vibaya, hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986 na wenyeji wakaurudia utaratibu huo wa wazee wao.

Ukitaka vilima, nenda Geita. Visipokutosha, mgodi wa Geita ulianzisha Kili Challenge mwaka 2002: wengine huupanda Kilimanjaro kwa miguu, wengine huuzunguka kwa baiskeli, na michango huenda kwenye mapambano dhidi ya UKIMWI. Hao nawavulia kofia.

Mtu wa gunia, hata hivyo, ndiye bingwa wangu. Anaondoka kijijini gizani, hana namba mgongoni wala gari la kumfuata na maji, na kesho ataondoka tena kwa sababu nyumbani wanamtegemea. Basi wewe dereva wa lori, ukimkuta pembeni mwa lami, punguza mwendo, mwachie nafasi. Usimpigie honi akatumbukia kwenye changarawe na mzigo wake.