Muulize Shangazi Kibindo: Shilingi Ngapi Zinatosha?

*Shangazi Kibindo, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Mbagala. Mshahara wangu ni 900,000, mke wangu yuko nyumbani, chakula peke yake ni 15,000 kila siku, na tarehe 15 ikifika sina hata nauli ya daladala. Naomba uniambie, familia inahitaji kipato cha shilingi ngapi ili iishi kwa raha? Baba Watatu.*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuja kwangu moja kwa moja badala ya kupoteza muda kwa wachumi. Wachumi nawajua. Mmoja wao, profesa wa Mlimani, aliwahi kunichumbia, na kila alipokuja kwetu Tanga alikuwa na kalamu mbili mfukoni lakini hata kilo ya sukari hakubeba. Mama alipomuuliza atanilisha nini, akajibu, "Inategemea." Posa ikafia hapo hapo barazani. Lakini nyakati zile alizokuwa akinisubiri nimalize kujipamba (na nilikuwa wa kusubiriwa, waulize wazee wa Ngamiani, wengine mpaka leo wakipita mlangoni kwetu wanapunguza mwendo wa baiskeli) alinifundisha mengi, nami nikayaboresha.

Kwanza nikusahihishe. Wewe hulipwi 900,000. Hiyo ni namba ya kumtambia shemeji. NSSF wanachukua asilimia 10 yao, yaani 90,000. Inayobaki, 810,000, inapita kwa TRA: 270,000 ya mwanzo haiguswi, kutoka hapo hadi 520,000 inakatwa asilimia 8, kutoka hapo hadi 760,000 asilimia 20, na kale kakipande ka juu kanakatwa asilimia 25. Jumla ya kodi ni 80,500. Unaondoka na 729,500. Hesabu hii nimeipiga kichwani huku nakaanga samaki, na samaki hakuungua hata mkia. Si bure kwamba mimi ni mwenyekiti wa vikoba vyetu tangu vilipoanzishwa. Hajatokea wa kushindana nami. Alijitokeza mmoja, siku hizi anaishi Kibaha.

Pili, uache kujiita maskini, maana serikali haikutambui. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na mtoto huhesabiwa kama sehemu tu ya mtu mzima. Hata tukiwapandisha cheo wanao wote wawe watu wazima, nyumba nzima ni 246,600. Kima cha chini serikalini nacho kilipandishwa Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, na wewe uko juu yake. Kwa hiyo hongera sana. Kata ukurasa huu ukamwonyeshe mwenye nyumba atakapokuja kudai kodi ya miezi sita.

Kama hataelewa, mwambie bei za 2017 zilikwenda na mwaka 2017.

Tatizo liko kwenye hilo neno "raha". Hao wenye mistari hawakukuahidi raha hata siku moja. Profesa wangu alinisimulia habari za Mwingereza Seebohm Rowntree, mtoto wa ukoo wenye kiwanda cha chokoleti mjini York. Mwaka 1899 aliwachunguza wafanyakazi wa mji huo nyumba kwa nyumba, na mwaka 1901 akatoa kitabu. Hesabu yake ilisema kwamba baba, mama na watoto watatu, kama nyie kabisa, walihitaji shilingi 21 na peni 8 za Kiingereza kwa wiki ili miili yao isimame tu. Na ili ziwatoshe, wasipande basi, baba asivute tumbaku, mama asinunue nguo ya kupendeza, mtoto aliye mbali asiandikiwe barua kwa kuwa hakuna ya stempu, na gazeti wasilinunue.

Hapo nikamkatisha. Gazeti wasilinunue? Sasa Shangazi atasomwa na nani? Profesa akajitetea kwamba Rowntree alitaka kuonyesha jinsi mstari ule ulivyokuwa mkali, na kwamba hata hivyo karibu mtu mmoja kati ya kila kumi pale York aliishi chini yake. Sikutaka kumsikia. Nyumba isiyo na gazeti langu ni nyumba yenye dhiki, hata wakila kuku kila siku. Andika hilo kwenye bajeti yako, juu ya unga.

Umenikumbusha kuku. Nikipika pilau, majirani hufungua madirisha, na yule mwenye duka la mangi alinipa mchele kwa mkopo kwa sababu tu ya harufu. Siri yangu ni bizari nzima, na sitakwambia kipimo. Nakuambia haya ujue kwamba raha inaweza kupatikana kwa shilingi chache kama unayempikia ni mimi.

Haya, matumizi yako. Anza na umeme. Mteja wa matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya makato yake, ilimradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila inayozidi ni 350. Kwa hiyo mwezi ukifika tarehe 20, toa balbu ya chumbani, ufiche rimoti ndani ya gunia la mkaa, na nguo za kazini zinyooshe kwa kuzilalia chini ya godoro. Ukilala chali unapata mkunjo wa suruali, ukilala ubavu unapata wa kola. Na ile 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU ni kodi ya jengo. Jengo si lako, ni la mwenye nyumba, nawe umekuwa ukimlipia kimya kimya. Mdai. Akikataa, lala kwake siku moja kwa mwezi uone kama thamani haikurudi.

Michango sasa. Ndugu yangu, kuna kichenpati, kuna sendofu, kuna harusi, kuna kipaimara cha mtoto wa mwenzako ofisini ambaye humjui jina. Mimi simu ya mwanakamati naitambua kwa mlio. Napokea, nabadilisha sauti, nasema, "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa," kwa ufasaha kiasi kwamba mzee mmoja alirudia kupiga mara kadhaa kwa ajili ya sauti tu, akaishia kutaka kunioa. Jizoeze mbele ya kioo. Ila usije ukachangia kwa mkopo wa kausha damu, ule ambao marejesho yanaanza kudaiwa kabla maharusi hawajarudi fungate. Hapo sifanyi utani.

Ulitaka namba. Wengi huogopa kuitaja, na wana sababu. Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden walianza tangu miaka ya 1970 kuwauliza watu swali hili lako, na ikaonekana kwamba kadiri mtu anavyopata zaidi, ndivyo kiasi anachokiita cha kutosha kinavyopanda. Nami nilifanya utafiti wangu saluni, chini ya drai, ambako watu husema kweli kwa kuwa hawasikii wanachosema. Msusi alitaja kidogo juu ya anachopata. Mwenye saluni akafanya vivyo hivyo. Mke wa mkurugenzi alitaja kiasi ambacho kilimfanya msusi aache kusuka. Nikiwafuata hawa, nitakwambia utafute laki mbili zaidi, na ukizipata uniandikie tena. Barua napenda, lakini nina kazi nyingine.

Kwa hiyo nakupa kanuni ya Shangazi. Mjerumani Ernst Engel alisema mwaka 1857, akiangalia matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, kwamba kadiri familia ilivyo na uwezo mdogo, ndivyo chakula kinavyomeza fungu kubwa zaidi la matumizi yake. Bibi yangu alilijua hilo bila kutoka Pangani, basi tu hakuwa na mtu wa kumchapia. Wewe chakula chako ni 450,000 kwa mwezi, karibu asilimia 62 ya unachopeleka nyumbani. Ndiyo maana tarehe 15 unatembea kwa miguu. Sembe na mafuta ya kula vimekwishapanda daladala kwa nauli yako.

Mwaka 1963 dada mmoja wa Kimarekani, Mollie Orshansky, mtakwimu wa ofisi ya hifadhi ya jamii, alichukua gharama ya chakula cha kujibana akaizidisha mara tatu, kwa sababu uchunguzi wa mwaka 1955 ulionyesha kwamba familia za kule zilitumia kama theluthi ya kipato kwa chakula. Kipimo cha umaskini cha Marekani mpaka leo kimesimama juu ya hesabu hiyo, kinapandishwa tu kufuata bei. Yeye kwa chakula cha kujibana alipata mstari wa umaskini. Mimi nachukua chakula mnachokula kweli kweli, nazidisha tatu, napata mstari wa raha. Kama asingenitangulia kuzaliwa, tungeandika kitabu pamoja, jina langu likiwa juu.

Nafasi inaniishia, mhariri ananikodolea macho. 450,000 mara tatu ni 1,350,000. Hiyo ni ya mkononi, baada ya NSSF na TRA. Ukitaka ikufikie kwa mshahara pekee, karatasi ya mshahara isome karibu 1,870,000, maana kila shilingi juu ya milioni moja inakatwa kodi ya asilimia 30. Pungufu lako ni 620,500 kwa mwezi. Mwajiri wako hatakupa. Tafuta mlango wa pili, na uanzie ndani ya nyumba yako.

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu anadhani nashinda nyumbani tu, kumbe nauza barafu na ubuyu, na kwa mwezi nabaki na faida ya 250,000 ambayo naipeleka kwenye mchezo. Nimwambie? Mama Watatu, Mbagala.*

Marahaba, mama. Mwambie, tena leo, kabla hajafika mwisho wa ukurasa huu. Bado 370,500, mzitafute pamoja. Ila duka la ubuyu libaki kwa jina lako, na kiasi cha faida kitaje kikiwa kimepungua kidogo.

Wiki ijayo sitajibu barua. Namwoza binti wa marehemu kaka yangu, na kamati yangu inatarajia kila msomaji wa safu hii atoe si chini ya 20,000. Nitawapigia mmoja mmoja, na ole wake atakayesema namba haipatikani.