Kuchoma Nyama Kwenye Uwanja wa Vita

Ngome ya Fort Stevens, jimboni Oregon, ilianza kujengwa mwaka 1863, Wamarekani walipokuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Kazi yake ilikuwa kulinda mdomo wa mto Columbia. Ikasubiri adui. Ikasubiri karibu miaka themanini, ikabadilishiwa mizinga, ikaongezewa kuta za zege, vizazi vya askari vikaja vikaondoka. Usiku wa tarehe 21 Juni 1942 adui akafika kweli: nyambizi ya Kijapani, I-25, ikaibuka baharini na kurusha makombora 17. Ngome haikujibu hata moja.

Ngome yenye tabia hiyo mimi naiheshimu. Siku hizi ni hifadhi: kuna njia za baiskeli katikati ya misonobari, ziwa la kuogelea, uwanja wa kupiga mahema, na ufukwe unaokwenda mpaka macho yachoke. Sisi tunaokaa Portland tukipata mgeni humpeleka huko. Safari hii mgeni alikuwa shangazi yangu kutoka Tanga.

Shangazi ni mtu wa Raskazone. Kwake bahari ni mahali pa kwenda kujituliza jioni, maji vuguvugu, mtu unaogelea huku unapiga soga. Tulimwambia abebe koti.

"Koti la nini, baba? Si mmesema ni Julai?"

Akapanda gari na kanga zake na kofia ya ukili. Kofia hatukuwahi kuiona tena baada ya kufungua mlango wa gari. Upepo wa pwani ile haubishi hodi. Kanga moja nayo ikachomoka, ikaruka juu ya mchanga, ikaenda kunasa kwenye mbavu za meli ya Peter Iredale.

Meli hiyo ilipanda mchanga tarehe 25 Oktoba 1906. Hakufa mtu. Mifupa yake ya chuma imebaki pale pale, na maji yakipwa watoto hucheza katikati yake. Baada ya Wajapani kurusha makombora, jeshi lilitandaza seng'enge ufukweni, likaipitisha hata kwenye meli hiyo, kwa hiyo chuma kile kilikwisha kuzoea kunasa vitu. Shangazi hakushangazwa na hayo. Kilichomshangaza ni hesabu ya miaka.

"Tangu 1906? Chuma chote hiki, na hakuna aliyekuja usiku? Huku hamna wanunuzi wa chuma chakavu?"

Akaokoa kanga yake, akasogea majini. Kuna kitu wenzetu wa huku hawamwambii mgeni mapema: jua likiwaka vipi, bahari hii haina habari nalo. Joto lake mwezi wa Julai ni kama nyuzi 12. Shangazi aliingiza kidole gumba, akakitoa, akasema "Inna lillahi," na mambo ya kuogelea yakaishia hapo.

Tukahamia kwenye mishikaki. Mkuu wa idara hiyo ni shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye tangu alipohamia Oregon amekuwa akitangaza kwamba hakuna mtu anayejua kuwasha mkaa jimbo zima isipokuwa yeye. Alijaribu na kiberiti. Alijaribu na gazeti. Alijikunyata, akazuia upepo kwa koti, akazuia kwa mtoto. Mkaa ulikuwa umevuta unyevu, ukatoa moshi wa kutosha kumliza kila mtu na ukakataa kushika.

Nikaona nimfariji kwa historia. Nyambizi ile ile, I-25, ilirudi Septemba 1942. Ilikuwa inabeba ndege ndogo, na tarehe 9 rubani Nobuo Fujita aliipaisha hadi juu ya msitu karibu na Brookings, kusini mwa Oregon, akaangusha mabomu yaliyotengenezwa mahsusi kwa kuwasha moto. Mvua ilikuwa imenyesha. Moto ukawa mdogo, walinzi wa msitu wakauzima. Sasa kama jeshi zima la wanamaji la Japani lilishindwa kuiwasha Oregon, nikamwambia shemeji, wewe mwenye kiberiti una aibu gani? Hakufarijika.

Akaondoka kwenda kutafuta mahali pasipo upepo, akaingia Battery Russell. Hapa ndipo ilipokuwa mizinga miwili ya inchi 10 iliyokuwa ikilinda upande wa bahari mwaka 1942, na ilikuwa mizinga ya ajabu. Ilipanda juu ya ukuta, ikafyatua, halafu kishindo chake chenyewe kikairudisha chini kujificha hadi mara nyingine. Nilipomweleza Shangazi jinsi ilivyofanya kazi, alisema anamjua mtu wa hivyo, akageuka kutazama alikokwenda shemeji.

Mizinga yenyewe haipo tena. Kilichobaki ni zege, ngazi, na vyumba vyenye giza la mchana. Shangazi alikataa kuingia. Jengo tupu la miaka mingi hivyo, alisema, haliwezi kukosa wenyewe. Haukupita muda tukasikia kelele mbili kutoka ndani, moja ya Kiswahili. Shemeji na mtalii mmoja, kila mmoja akipapasa ukuta kutoka upande wake, walikuwa wamekutana mkono kwa uso. Akatoka na nundu.

Makombora ya Wajapani hayakufanya zaidi ya hapo. Mengi yalizama kwenye mchanga na matope. Yakakatika mawasiliano ya simu, ukaharibika wavu wa uwanja wa besiboli. Kamanda alikataza kujibu: adui alidhaniwa yuko mbali mno, na mwali wa mizinga ungemwonyesha ilipo. Askari wake walinuna. Mimi naona ni mmoja wa makamanda wachache waliolala usingizi wa halali.

"Sisi Tanga tulijibu," Shangazi akasema, maana hakubali pwani ya watu ipite yake. Novemba 1914 Waingereza walishusha pale maelfu ya askari kutoka India dhidi ya Wajerumani na askari wao kama elfu moja, na risasi zilipovuruga mizinga ya nyuki, nyuki wakaingia vitani bila kuchagua upande. Waingereza wakarudi melini, wakaacha bunduki na risasi kibao.

Wakati tunasikiliza, shakwe walikuwa wamekwisha kutua kwenye sinia. Mtoto mmoja akaokota jiwe. Shangazi akamshika mkono.

"Usijibu! Watajua tulipo."

Nyama ikaenda, sambusa zikafuata, kachumbari wakaitupa. Tukaishia mkahawani Astoria, tukala samaki na chipsi, shemeji akaagiza sahani mbili na kueleza kwa kirefu kosa la mkaa ule. Bili ilipoletwa, kiti chake kilikuwa kitupu.

"Subirini," Shangazi akasema. "Atapanda tena."