Wufa Iliyonuna

Kenya ina Rongai mbili zinazojulikana sana. Ile ya Kajiado, Ongata Rongai, ina sifa ya nganya, matatu zinazotetemesha barabara kwa muziki. Yetu ya Nakuru ina mashamba ya mkonge na malori yanayopumzika Salgaa. Shemeji yangu aliona pengo hilo la muziki ni deni la kulipwa. Akanunua resiva ya mtumba na wufa inayofika kiunoni, kisha akaita ukoo mzima Jumapili baada ya kanisa.

Akaweka wimbo wa injili. Sauti zikatoka safi, lakini wufa kimya. Wakwe wakatazamana. Kumwita mtu aje asikie wufa isiyo na besi ni sawa na kumwalika nyama choma ukampa moshi.

Fundi akaitwa. Akafungua skrubu, akanusa ndani, akatangaza: “Koili imeungua.” Alikuwa bado anataja bei mtoto alipoweka filamu ya vita. Kombora la kwanza likalipuka, wufa ikanguruma, vikombe vya wageni vikacheza kabatini, na fundi akaangusha bisibisi. Koili ilikuwa imefufuka.

Kumbe shida ilikuwa kitufe kilichoandikwa Direct. Hapo resiva nyingi hupitisha sauti jinsi ilivyorekodiwa. Wimbo wa stereo una chaneli mbili tu, kushoto na kulia, basi wufa haiambulii kitu. Filamu ya 5.1 ina chaneli tano, na hiyo “.1” ni fungu la wufa, la ngurumo zisizozidi hezi 120. Ukirudi kwenye Stereo, ukaiambia resiva kwamba spika zako ni “ndogo”, itagawa sauti, mara nyingi kwenye hezi 80, na ya chini yote iende kwa wufa.

“Ndogo?” shemeji akafoka. “Nimezilipia zikiwa kubwa!” Mkewe ndiye aliyebonyeza. Wimbo ukarudiwa, mabati yakaitikia kiitikio, wakwe wakapiga makofi.

Nyanya pekee hakupiga. Aliuliza kwa upole ni kitufe gani kile cha mwanzo, kilichoimba vizuri bila kumtikisa meno. Akaonyeshwa. Tangu siku hiyo rimoti hulala ndani ya leso yake, na wufa haipati ruhusa ya kusema mpaka vita vizuke.