Kasoro Saba Zilizoingia Jaladani, na Ugomvi Unaruhusiwa

Hapa hatupimi nani mzuri. Kazi hiyo waachieni majaji wa Miss Tanzania na mashemeji wakorofi. Tunapima kitu kimoja tu: sifa iliyoitwa kasoro, ikaja kuingia jaladani, na jinsi wakubwa wa mitindo walivyolazimika kumeza maneno yao. Jaji ni mmoja, hana cheti, na rushwa ya chipsi mayai haikukataliwa.

7. Nyusi za Kristen McMenamy

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani huyu alinyolewa nyusi zote, na badala ya kujifungia ndani mpaka ziote, akazidi kupata kazi. Sasa amevuka miaka 60 na bado anapanda jukwaani, safari hii na mvi ndefu. Hukumu: nyusi huota, kwa hiyo ujasiri huo ni wa mkopo. Dada zetu wanaonyoa za asili ili wachore za wanja hawajaitwa Paris mpaka leo.

6. Wembamba wa Twiggy

London, 1966. Lesley Hornby, miaka 16, nywele za kivulana, kope za chini zimechorwa mojamoja. Gazeti la Daily Express likamtangaza kuwa sura ya mwaka. Kabla yake wanamitindo walitakiwa wafanane na wake za mabalozi; baada yake, na watoto waliotoroka shule. Hukumu: mlango alioufungua yeye ukaja kuwafungia wanene kwa miaka mingi, ndiyo maana yuko wa sita. Huku kwetu asingemfikia mpiga picha. Shangazi angemzuia mezani mpaka amalize sahani ya pili.

5. Kidoti cha Cindy Crawford

Aliambiwa akitoe. Kwenye jalada lake la kwanza la Vogue ya Uingereza wakakifuta kabisa, kana kwamba ni tone la chai. Baadaye wasio nacho wakawa wanajichorea. Jokate Mwegelo, yule wa Miss Tanzania 2006, mwaka alioshinda Wema Sepetu, hakusubiri ruhusa ya mtu: alianzisha biashara na kuipa jina la Kidoti. Hukumu: Waingereza walikifuta, sisi tukakifanya chapa. Hakipandi zaidi ya hapa kwa sababu, tuseme kweli, kidoti hakijawahi kumkosesha mtu mchumba.

4. Nafasi hii iko wazi

Ilikuwa ya Winnie Harlow, Mkanada mwenye mabaka meupe ya vitiligo. Alishiriki shindano la runinga la America's Next Top Model mwaka 2014, hakushinda, na mwaka 2018 akapita kwenye jukwaa la Victoria's Secret. Lakini amekwisha kusema hadharani kwamba hataki kuitwa mwanamitindo wa vitiligo. Aitwe Winnie, basi. Mimi ni nani nimburute kwenye orodha ya kasoro? Na kwa sababu hiyohiyo msiniulize mwanamitindo Alek Wek yuko wapi. Weusi wake haukuwa kasoro hata siku moja. Waliochelewa ni Elle, waliomweka jaladani mwaka 1997. Hukumu: hakuna. Kiti msikikalie.

3. Nywele za Linda Evangelista

Mwaka 1988 mpiga picha Peter Lindbergh alimshawishi akate nywele, msusi Julien d'Ys akashika mkasi, Linda akalia. Wabunifu nao wakamwondoa kwenye maonyesho yao. Haukupita muda, mkato uleule ukawa kwenye majalada ya Vogue, na wanawake wakawa wanauomba saluni. Kuanzia hapo hakutulia: mara nyeusi, mara za dhahabu, mara nyekundu.

Nawasikia. Mnasema kubadili nywele si habari, hata jirani yenu Jumatatu ana wigi la Brazil na Ijumaa ana rasta. Sawa, lakini jirani mambo yakiharibika analivua. Hukumu: waliomkimbia walirudi, na mwaka 1990 ndiye aliyesema kwamba yeye na wenzake hawaamki kwa chini ya dola 10,000 kwa siku. Mkasi mmoja tu, na usingizi ukapanda bei.

2. Kipara cha Flaviana Matata

Tulieni, mawe wekeni chini. Mwaka 2007 Tanzania iliingia Miss Universe kwa mara ya kwanza, na ikampeleka msichana aliyesomea ufundi umeme Arusha, kichwani hana kitu. Kule Mexico City wenzake walikuwa na nywele za kufagia jukwaa. Yeye akaingia 10 bora kwa kipara kinachong'aa, kisha New York ikamchukua.

Sasa kwa nini wa pili? Kwa sababu kipara kwetu si ajabu. Wasichana kibao wa shule za serikali wamenyolewa hivyohivyo, bila taji wala nauli ya Mexico. Hukumu: kumbe mwalimu wa zamu alikuwa mbunifu wa mitindo, tukamwogopa bure.

1. Mwanya

Bingwa. Anayebisha alete meno yake tuyaone. Huku kwetu mwanya unasifiwa tangu zamani, na wapo wasiojaliwa wanaokwenda kuchongwa ili waupate. Marekani, mwanamitindo Lauren Hutton alikuwa akiuziba wake kwa nta, ile inayotumika kurekebisha nyuso za maiti, ili apate kazi. Alipochoka akauacha wazi, na mwaka 1973 watengeneza vipodozi Revlon wakampa mkataba mnono, mwanya ukiwa ndani ya bei.

Mngedhani somo limeeleweka. Mwaka 2006 Tyra Banks, mwenye kipindi cha America's Next Top Model, alimbana mshiriki Danielle Evans azibe mwanya wake. Binti akagoma, mwishoni akakubali upunguzwe, na akashinda. Mwaka 2010 kipindi hichohicho, Tyra yuleyule, kikampeleka Chelsey Hersley akapanuliwe wa kwake. Hukumu: mwanya haujui unachotakiwa kufanya, Tyra naye hajui, ila daktari wa meno alilipwa mara zote mbili.