Nahodha wa Chumbani: Mwongozo wa Kuchagua Ukoo Wako wa Nyambizi

Nyambizi ni chombo kipofu. Ikishazama kupita kina cha periskopu, nahodha wake hana dirisha wala taa. Amebaki na masikio, saa, ramani na akili yake. Ndiyo maana gemu za nyambizi hazifanani na gemu nyingine za vita. Kwingine hushinda mwenye kidole chepesi. Humu hushinda anayeweza kukaa gizani asijue adui yuko wapi, akakisia vizuri, kisha akasubiri. Mashabiki wake nao hutofautiana kwa jambo moja kubwa: kila mmoja amechagua kiasi cha kutojua anachokubali kubeba.

Uchaguzi huo ni wa siku nyingi. Silent Service ya Sid Meier, iliyotolewa na MicroProse mwaka 1985, tayari ilimwachia mchezaji aamue kama misafara ya adui itakwenda upogo upogo, kama baadhi ya torpedo zitagoma kulipuka, na kama atapima mwenyewe pembe ya meli anayoiwinda. Miaka 20 baadaye Silent Hunter III, kazi ya studio ya Ubisoft ya Romania, iliigeuza hiari hiyo kuwa asilimia. Ukikubali mafuta yenye kikomo na hewa yenye kikomo, ukakataa kamera ya nje, uhalisia wako unapanda kuelekea 100. Hapo ndipo koo zilipojitenga waziwazi. Mwongozo huu ni wa kukusaidia uujue ukoo wako na uutumikie kwa moyo wote.

Ukoo wa kwanza: Mhesabu

Utamtambua kwa penseli iliyokaa sikioni. Mezani ana daftari, rula, kipimapembe, na kikombe cha chai kilichopoa tangu msafara ulipoonekana. Usimsemeshe akiwa anahesabu sekunde.

Ukitaka kuwa kama yeye, anza hivi. Umeona meli ya mizigo, na kitabu cha kutambulisha meli kinasema urefu wake ni mita 120. Simamisha nyambizi, tuliza periskopu, uanze kuhesabu omo ya meli inapogusa mstari wa katikati ya kioo. Acha kuhesabu tezi yake inapouvuka mstari huo. Zikiwa zimepita sekunde 30, meli inakwenda mita 4 kwa sekunde, yaani karibu noti 8. Sasa jipange ili omo yako ielekee njia ya meli kwa pembe mraba. Torpedo ya umeme ya Wajerumani ilikwenda noti 30. Gawa 8 kwa 30, tafuta pembe yenye tanjenti hiyo, utapata digrii 15. Kwa hiyo usingoje meli ifike mbele yako. Fyatua ikiwa bado imebakiza digrii 15. Njia yake ikiwa mita 1,000 kutoka kwako, torpedo itakuwa majini kwa dakika moja na sekunde chache, na dakika hiyo ndiyo utamu wote wa ukoo huu.

Mashabiki wa nyambizi za Marekani wana njia ya jamaa na hii, ya kuivizia meli ikatize mstari uliopangwa mapema, nao huiita kwa jina la Richard O'Kane, nahodha wa USS Tang. Mhesabu wa kweli huanza na mkono, kisha ndipo hujifunza kuilisha namba mashine ya kulengea. Akikosa, hailaumu gemu. Anafungua daftari na kutafuta namba iliyomsaliti.

Ukoo wa pili: Mvamizi wa Usiku

Huyu hapendi kuzama. Kwake, chini ya maji ni mahali pa kukimbilia mambo yakiharibika. Babu yake wa kiroho ni Otto Kretschmer wa U-99, aliyezamisha tani nyingi kuliko nahodha yeyote wa nyambizi katika Vita vya Pili vya Dunia, hadi alipotekwa Machi 1941. Kretschmer aliingia katikati ya misafara usiku, akiwa juu ya maji. Sonari ya Waingereza ilitafuta vilivyo chini ya maji. Nyambizi fupi nyeusi iliyo juu ya mawimbi ilipita bila kusikika, na mara nyingi bila kuonekana.

Hesabu iko upande wake. Nyambizi ya Kijerumani ya Aina ya VIIC ilikwenda noti 17 na ushei juu ya maji, ilhali chini ya maji iliishia noti 7 na nusu. Basi subiri usiku. Hakikisha mwezi uko nyuma ya meli unayoiwinda, usiwe nyuma yako. Waelekezee omo daima, maana ubavu wa nyambizi huonekana mbali. Piga ukiwa karibu, kisha toka kupitia upande ambao walinzi hawakutarajia.

Sharti la ukoo huu ni kutazama kalenda. Kinachowezekana mwaka 1940 ni kujiua mwaka 1943. Mei 1943 peke yake Wajerumani walipoteza nyambizi 41, na mkuu wao, Admirali Dönitz, akalazimika kuziondoa katika Atlantiki ya Kaskazini. Rada, ndege za masafa marefu na mitambo ya kunasa mawimbi ya redio ilikuwa imeunyima usiku giza lake. Mvamizi anayejua historia hubadili mbinu mapema.

Ukoo wa tatu: Kufa ni Kufa

Katika ukoo huu hakuna kurudia. Nyambizi ikizama, kazi ya nahodha imekwisha. Unafuta faili na kuanza upya kama luteni asiyejulikana. Wanachama wake hujulikana kwa uso mzito na kwa tabia ya kurudi bandarini na torpedo ambazo hazijafyatuliwa, nao wana haki kamili ya kufanya hivyo. Kati ya Wajerumani wapatao 40,000 waliohudumu kwenye nyambizi, karibu robo tatu hawakurudi. Mchezaji anayefungua faili la zamani kila akipigwa hawezi kuonja uzito wa hesabu hiyo. Huyu anauonja.

Jifunze kuacha. Manowari ya kusindikiza ikikugeukia mapema, iache meli ya mafuta iende zake. Jua betri yako: VIIC iliweza kwenda maili 80 hivi za baharini chini ya maji kwa noti 4, sawa na saa 20, kisha ilipaswa kupanda juu kuchaji. Kila saa utakayokaa chini umeikopa, na deni hilo hulipwa mbele ya ndege. Wazee wa pwani walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Uandike msemo huo kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chako cha safari.

Ukoo wa nne: Wenye Saa

Hapa kuna ndugu wawili wasiosalimiana. Wa kwanza ni Mkimbiza Saa. Silent Hunter III inaweza kuharakisha muda mara 1,024, kasi ambayo siku nzima hupita katika sekunde 84. Doria ya mwezi mmoja anaimaliza kabla wali haujaiva. Wa pili ni Mwenye Subira, anayecheza saa kwa saa. VIIC ilikuwa na uwezo wa kwenda maili 8,500 kwa noti 10, safari ya siku 35, na yeye yuko tayari kuziishi zote. Huacha kompyuta ikisafiri usiku huku amelala, akishtuka kila feni yake inapobadili mlio.

Wote wawili wana la kufundishana. Kimbiza saa kwenye bahari tupu, lakini kila baada ya muda simama, zama, usikilize kwa haidrofoni. Sauti ya rafadha hufika kutoka mbali kuliko jicho lolote la mlinzi aliye juu ya mnara. Anayekimbiza saa bila kusikiliza hupita kando ya msafara mzima asijue, kisha analalamika kwamba bahari haina watu.

Ukoo wa tano: Mtalii

Mtalii hupenda kamera ya nje. Ataitazama nyambizi ikipasua mawimbi wakati wa machweo hadi asahau alikuwa na kazi gani. Wahesabu humdharau, na hapo wanakosea. Yeye ndiye anayeona kwamba bendera ya meli ni ya nchi isiyo vitani, au kwamba wachoraji walipanga bolti kwenye sitaha mahali pake hasa. Kwa Mtalii, nusu ya mchezo iko nje ya gemu. Akipata nafasi ataitembelea U-995 ufukweni Laboe, Ujerumani, au U-505 katika jumba la makumbusho la Chicago, iliyotekwa na Wamarekani tarehe 4 Juni 1944 nje ya pwani ya Afrika Magharibi. Wewe uliye mbali anza na picha za makumbusho hayo. Ukiona jinsi vitanda vilivyobanana na torpedo, utaelewa jinsi nafasi ilivyokuwa finyu.

Ukoo wa sita: Fundi

Fundi ana Silent Hunter III iliyojaa modi, yaani marekebisho yaliyotengenezwa na mashabiki, kuanzia ile kubwa ya Grey Wolves hadi ile inayorekebisha rangi ya moshi. Bando lake la mwezi huishia hapo. Nyambizi yake ni nzuri kuliko zote, na haijawahi kutoka bandarini, kwa sababu jana kumetolewa toleo jipya la mawingu.

Mheshimu. Bila mafundi, gemu ya mwaka 2005 isingekuwa hai hadi leo. Ukijiunga nao, shika mambo matatu. Hifadhi nakala safi ya gemu kabla hujagusa kitu. Weka modi moja moja, ukijaribu kila moja kabla ya inayofuata. Tatu, na hili ndilo gumu, jipangie tarehe ya kung'oa nanga na uitii, hata mawingu yakiwa na kasoro.

Ukoo wa saba: Msikilizaji

Huyu amevihama Vita vya Pili vya Dunia. Yuko kwenye nyambizi ya nyuklia katika Dangerous Waters ya mwaka 2005 au Cold Waters ya mwaka 2017, na hajatazama periskopu tangu aanze. Dunia yake ni mistari ya kijani inayoteremka kwenye kioo cha sonari, na kila mstari ni mtu anayejaribu kunyamaza.

Kazi yake ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa sonari inayosikiliza tu humwambia adui yuko upande gani, haimwambii yuko umbali gani. Kupata umbali, lazima ageuze chombo chake, asikilize tena, alinganishe jinsi upande ule unavyobadilika. Basi jifunze kugeuka kwa makusudi. Kumbuka pia kwamba nyuma ya rafadha yako ni kiziwi. Geuka mara kwa mara usikilize kilicho mgongoni. Na ujue tabaka la maji ambapo joto hubadilika ghafla, maana sauti hupinda hapo, na aliye chini ya tabaka anaweza kujificha kwa aliye juu yake.

Ukoo wa nane: Genge

Katika gemu ya Wolfpack, watu kadhaa huendesha nyambizi moja kwa intaneti: mmoja nahodha, mwingine usukani, mwingine kwenye haidrofoni. Hapa cheo chako cha ofisini hakitambuliki. Kaka mkubwa anaweza kupewa usukani na mdogo wake akawa nahodha, na akiambiwa digrii tano kushoto, ni tano kushoto. Rudia kila amri kabla ya kuitekeleza. Msikilizaji aseme alichosikia, asiseme anachodhani. Genge likizingatia hayo mawili, linaweza kuishinda kompyuta yoyote.

Sharti linalozibana koo zote

Baadhi ya gemu hizi hukuketisha upande wa Hitler, na nyingi hukufundisha kuhesabu tani. Tani zilikuwa na watu. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli ya Khedive Ismail kwa torpedo mbili, ikazama katika dakika chache. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Manowari Petard na Paladin ziliisaka I-27 na kuizamisha, na mabomu ya kina yalidondoshwa ilhali manusura walikuwa bado majini.

Hizo ni familia za huku kwetu, na hazimo katika alama za gemu yoyote. Anayelijua tukio hilo huicheza gemu vizuri zaidi, kwa sababu anaelewa kwa nini nahodha wa manowari aliye juu yake hachoki kumtafuta.

Kwa hiyo kabla ya doria yako ijayo, tafuta namba ya nyambizi uliyopewa na usome iliishia wapi. Anza na misaada yote ikiwa imewashwa, kisha kila doria zima mmoja: leo ramani inayokuonyesha meli, kesho mlengaji wa kompyuta, keshokutwa kamera ya nje. Ukifika mahali unapofurahia, baki hapo, hata kama ni asilimia 40. Usimcheke aliyeishia 20 wala usimwogope aliye 100. Na mabaharia wako uwarudishe bandarini wote.