Namna ya Kupata Kitanda Penye Dhahabu

Likizo ikifika, Mtanzania mwenye nazo huenda Zanzibar, mwenye gari huenda Serengeti, na sisi wengine tunakwenda kwa bibi. Shinyanga na Geita tunakwenda kwa misiba, kwa kupeleka mahari na kwa usaili wa kazi za mgodini. Tunajinyima bure. Huko kuna ziwa, kuna kisiwa chenye sokwemtu, kuna nchi iliyowahi kukaukiwa ikarudishiwa miti na wafugaji wenyewe, na kuna watu wanaojua kumpokea mgeni.

Kinachowashinda wengi ni malazi. Vitanda vya kanda hii viliwekwa kwa ajili ya watu wa kazi: wachimbaji, wanunuzi wa dhahabu, madereva wa malori ya Rwanda na Burundi. Mtalii huja baadaye, na akitaka kulala vizuri inambidi afuate ratiba ya waliomtangulia. Fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: Chagua mwezi

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Masika yakikukuta Kishapu, udongo mweusi wa mbugani utalishika gari lako na kukataa kuliachia, nawe utakaa hapo kusubiri ng'ombe wa kulivuta, ambao nao wana shughuli zao. Kiangazi shida ni vumbi. Suruali nyeupe iache Dar, kwa sababu ikifika Katoro itabadilika rangi na haitarudi tena.

Kabla ya kukata tiketi, ulizia tarehe za Maonesho ya Teknolojia ya Madini mjini Geita, ambayo huangukia Septemba na Oktoba. Siku hizo watu hugombea vyumba kuliko viti vya basi la Desemba. Ama weka nafasi mapema, ama jipange kulala Mwanza na kwenda Geita asubuhi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, hilo linawezekana kabisa: kilomita tatu juu ya maji, dakika chache, mahali ambapo zamani foleni ya kivuko iliweza kukumalizia karanga zote ulizonunua kwa ajili ya watoto.

Hatua ya pili: Sikiliza habari za rashi

Rashi ni pale minong'ono inapoenea kwamba duara fulani, yaani shimo la wachimbaji, limetema dhahabu. Kijiji kilichokuwa na gesti mbili na kinyozi mmoja kinageuka mji wa maturubai ndani ya wiki, na bei ya chumba inapanda pamoja na bei ya soda. Kwa hiyo siku moja kabla ya safari mpigie simu mtu aliyeko huko, umuulize swali moja tu: "Dhahabu inatoka wapi wiki hii?" Akikutajia mahali unapokwenda, badili njia. Mwenye kutafuta mapumziko na mwenye kutafuta utajiri hawalali nyumba moja kwa amani.

Malori nayo yana sheria yake. Isaka, Kahama, Ushirombo na Runzewe ziko kwenye njia yao, na jioni madereva hujaza gesti. Fika kabla ya saa kumi na moja.

Hatua ya tatu: Kagua kabla ya kulipa

Gesti nyingi nzuri hazimo kwenye intaneti. Zimo kichwani mwa dereva wa bodaboda, ambaye anajua wapi maji hayakatiki na wapi muziki haukatiki. Muulize yeye, kisha ukajionee. Mapokezini mazungumzo huwa hivi:

"Dada, habari za kazi? Nataka chumba cha selfu, mahali penye utulivu."

"Karibu sana, kaka. Kipo kizuri, na baa iko hapa hapa nyuma ya dirisha. Hutasumbuka kutembea."

"Cha upande mwingine je?"

"Kipo pia. Huko unasikia malori tu, na yanaanza saa kumi alfajiri."

Chagua malori: yakipita yamepita. Halafu fungua bomba. Maji ya Ziwa Victoria yanasukumwa kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama, ila safari ya kutoka bomba kuu hadi bafu lako ni habari nyingine, kwa hiyo ulizia ndoo ya akiba. Washa feni. Jaribu komeo. Mwisho itandaze neti yote uitazame kwenye mwanga. Malaria ya Kanda ya Ziwa si ya kuchezea, na tundu dogo ni mlango mkubwa kwa mbu. Beba neti yako na sindano na uzi.

Kitabu cha wageni kikiletwa, kijaze kwa ukweli: jina, unatoka wapi, unakwenda wapi. Likitokea lolote, ndipo pa kwanza watakapoanza kukutafuta.

Hatua ya nne: Salimia, tena polepole

Ukilala kijijini, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla giza halijaingia. Sungusungu, walioanzia maeneo haya mapema miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo, wana haki ya kujua nani yuko kwao usiku. Jifunze "mwangaluka" ya asubuhi, "mwadila" ya jioni na "wabeja" ya kushukuru. Mzee wa Kisukuma akianza kukuulizia nyumbani, watoto, mvua na ng'ombe, jibu vyote. Huna ng'ombe? Mwambie ukweli. Atakupa pole ya dhati, na huenda akakushauri pa kuanzia.

Utaletewa michembe au matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Tafuna taratibu, chai iwe karibu. Ukifika upande wa ziwa, agiza sato na ugali, na usiwe na haraka: anapikwa ukishamwagiza.

Hatua ya tano: Jua unachokwenda kuona

Anza na ngitili, maeneo ya malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Shinyanga ilipoteza miti mingi: misitu ilifyekwa kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakatanuka, na Mwalimu Nyerere alifikia kuuita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wataalamu wakafanya jambo la busara: wakaifuata desturi iliyokuwepo. Hadi mradi unafungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili. Mwombe mwenyeji akutembeze. Utakuwa umesimama chini ya mti ambao wataalamu wengi hawakutarajia kuuona.

Kisha Mwadui, ambako mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi. Jiwe la waridi lililotoka hapo mwaka 1947, la karati 54.5, alizawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Wewe usitegemee zawadi. Kuingia ndani ya mgodi kunahitaji kibali, na kokoto yoyote inayong'aa iache ilipo.

Malizia na kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Panda boti Nkome au Muganza. Miaka ya 1960 sokwemtu waliokuwa wamefungiwa kwenye bustani za wanyama za Ulaya waliletwa kisiwani humo na kuachiwa. Hakuna aliyewafundisha kutafuta chakula. Walijifunza wenyewe, wakazaliana, na vizazi vyao vipo hadi leo. Lala kwenye mabanda ya TANAPA, na weka nafasi kabla hujapanda boti.

Hatua ya sita: Iheshimu dhahabu ukiwa juu ya ardhi

Ukialikwa machimboni Nyarugusu au Rwamagasa, nenda na mwenyeji, tazama karasha zikisaga mawe, uliza maswali. Usishuke kwenye duara. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi, na hao walikuwa watu waliozoea giza. Usisimame karibu na anayechoma dhahabu yenye zebaki. Moshi wake ni sumu, na ukiona watoto hapo, sema na mwenyeji wako. Kijana akikunong'oneza kwamba ana gramu za bei poa, mshukuru uondoke. Geita ina soko rasmi la dhahabu tangu Machi 2019, na kununua nje ya utaratibu kutakupatia malazi ya bure ambayo hayamo kwenye mwongozo huu.

Hatua ya saba: Lipa vizuri, kisha taja jina

Dhahabu ya Geita na almasi ya Mwadui husafiri mbali na hazirudi. Fedha ya kitanda hubaki: inamlipa mhudumu, inanunua kitoweo kwa mama ntilie, inafika sokoni Jumamosi. Usivutane na mwenye gesti kwa elfu mbili. Na ukirudi nyumbani, wenzako wakikuuliza ulikuwa wapi, wapatie jina la gesti, namba ya mapokezi na upande usio na baa. Hivyo ndivyo kitanda cha huko hutangazwa, na msafiri mmoja aliyelala vizuri anatosha kuwaleta kumi.